Siku Nilipoyasugua Mawe ya Mama Riziki

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nianze. Kila nikitaka kusimulia habari hii nakuta mtu ameshaisikia kwingine, na wanaoisimulia huanzia pale viatu vya wageni vilipoanza kuelea, kwa sababu hapo ndipo penye raha. Sawa, viatu vilielea, sikatai, na vingine vilikuwa vya ngozi. Lakini mimi nina aibu yangu nyingine ndani ya habari hiyo hiyo, haina povu wala viatu, haikuchukua hata dakika tano, na haisimuliwi na mtu kwa sababu aliyeiona ni mmoja tu. Leo nitaisema nikifika hapo.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mwanaisha, mtu wa Kisauni, fundi wa matangi ya samaki wa baharini. (Ndiyo, kazi hiyo ipo. Mamangu mpaka leo akiulizwa husema "mwanangu yuko kwenye mambo ya maji," na watu wakadhani nachimba visima.) Miaka minane nilifanya kazi kwenye godauni moja la samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaofungwa kwenye mifuko yenye maji na kupandishwa ndege. Mimi nilikuwa naosha vioo na kubadilisha maji, mengine nikajifunza kwa kutazama, kisha siku moja nikaacha, nikatangaza kwa ndugu na majirani kuwa sasa najitegemea, na kwa miezi minne nikajitegemea bila mteja hata mmoja.

Mteja wa kwanza akawa Bi Zuhura, shoga wa mamangu tangu ujana wao, aliyekuwa anataka kufungua duka la mabuibui pale Bombolulu. Wenzake huweka televisheni dukani. Yeye alitaka tangi, tena kubwa, tena karibu na mlango, mpita njia alione, mteja aketi, mtoto wake atulie, na mama achague nguo bila kuvutwa mkono. Na hakutaka samaki watupu. Alitaka matumbawe hai, yale laini yanayopunga majini, aliyoyaona kwenye simu akayapenda kuliko mabuibui yenyewe.

Sasa, matumbawe huyachomoi tu baharini ukaenda nayo. Sheria haikubali, na mimi nasema hata bila sheria ni dhambi. Hupandwa. Ukivuka Likoni ukaenda mbele kusini kuna kikundi cha kina mama chenye kibali, wanapanda vipande vidogo vya matumbawe juu ya vigae vya saruji, wanavipanga kwenye meza zilizozama majini na kuvipalilia kila maji yanapokupwa. Kiongozi wao ni Mama Riziki, mama wa makamo, mwembamba, mchache wa maneno, mikono ina makovu mpaka viwikoni. Kikundi chake kilikuwa kinauzia magodauni peke yake. Mtu wa mtaani kama mimi hawakumpa tena, kwa sababu waliwahi kumpa mmoja na yote yakafa kabla ya wiki kwisha. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu akanipa mawe, si matumbawe, mawe ya saruji yaliyokaa baharini mwaka mzima mpaka yakaingiwa na uhai, akaniambia hivi:

"Mwanangu, haya mawe ndiyo tangi. Kioo ni kioo tu. Yaache yachafuke. Yataota ukoko wa kahawia, halafu yataota mwani, yatakuwa mabaya hutaki kuyatazama. Yaache vivyo hivyo. Siku utakayonambia tangi liko tayari, nitakuja na vipande kumi na viwili. Nitakuuliza mara moja, sitarudia."

"Inshallah, Mama. Nikikwambia tayari, ni tayari."

Niliyasema mwenyewe, tena kwa sauti kubwa, mbele ya wenzake watatu. Mmoja wao akamtazama Mama Riziki kwa namna ya kusema haya, tutaona.

Nieleze jambo moja la kazi, halafu sitawachosha tena. Tangi jipya la maji ya chumvi huwa safi kwa macho na baya kwa ndani. Kila kinachooza humo hutoa amonia, nayo ni sumu usiyoiona, na wanaoila hiyo amonia ni bakteria wanaokaa kwenye mawe. Mwanzo huwa wachache. Wanataka wiki sita, pengine nane, wazaane watoshe. Utajuaje wametosha? Unachota maji kwenye kichupa cha kioo, unadondoshea dawa, unasubiri. Yakiwa manjano, amonia hakuna. Yakiwa na ukijani, ipo, na matumbawe hayaingii. Ukipata manjano siku tatu mfululizo, ndipo. Haihitaji elimu ya chuo, inahitaji macho mawili na ukweli kidogo.

Basi wiki ya nne ukoko ukatokea, sawasawa na alivyosema Mama Riziki. Mawe yakavaa kahawia, mchanga ukavaa kahawia, na mimi nikafurahi kwa sababu nilijua kazi inakwenda. Bi Zuhura akaingia dukani na fundi wake wa makabati, akasimama mbele ya tangi.

"Mwanaisha!"

"Abee."

"Hini nini?"

"Ni ukoko, Bi Zuhura. Ni dalili nzuri, yaani tangi linakomaa."

"Lakomaa? Mwanangu, mimi nafungua duka wiki ijayo. Watu waja kununua nguo ya stara, mlangoni wakute sufuria ya wali ulioungua? Wallahi watasema Zuhura hajui kuosha."

Sasa mtu wa kwingine hapo ataniuliza, kwa nini hukumjibu kuwa duka lifunguliwe na tangi lifuate baadaye? Hajui kulivyo kwetu. Mwanamke wa Pwani umwambie hana mali, atacheka. Umwambie hajui kupika, atakukaribisha uje uonje. Umwambie hajui kuosha, hilo atalifia. Mimi mwenyewe nimelelewa na mama ambaye kabla ya Idi huosha mpaka ukuta wa nje, na wa jirani akiufikia. Kwa hiyo aliposema vile nilimwelewa sana, nikajisikia kama nimeambiwa mimi, na nikafanya uamuzi mmoja mdogo tu. Niliyatoa mawe yote, nikayapeleka uani, nikayasugua kwa brashi na maji ya mfereji, haya ya bomba.

(Sabuni sikutia. Nilijiona mwerevu kweli kwa hilo.)

Nilijua, msinitetee. Maji ya mfereji kwa vitu vya chumvi ni mauti, na yale yetu siku hiyo yalikuwa yananuka dawa ya kusafishia. Viliporomoka vidudu vidogo, viminyoo, kaa wa ukubwa wa punje ya mtama, vikawa vinajinyonganyonga kwenye saruji ya ua, nami nikavimwagia ndoo ya pili vikaenda na mtaro. Nikajiambia vitarudi. Nikayarudisha mawe tangini yakiwa meupe yanang'ara, Bi Zuhura akapiga makofi, akapiga na picha, akamtumia mamangu, na mamangu akanipigia kunipongeza.

Siku mbili kabla ya ufunguzi Mama Riziki akapiga simu. Na sikia bahati yangu: simu inalia nami nimeshika kichupa cha kipimo mkononi, ndiyo kwanza nimekidondoshea dawa. Nikaiacha simu ilie kwanza nikitazame. Hayakuwa manjano. Yalikuwa na ukijani, si mwingi, lakini upo. Nikasogea kwenye taa nyingine, upo. Nikasogea mlangoni, upo. Kulikuwa na leso mpya imetundikwa pale, ya manjano iliyoiva, basi nikakiweka kichupa mbele ya ile leso nikafumba jicho moja, na wallahi yakawa manjano.

Nikapokea simu.

"Mwanaisha, liko tayari?"

"Tayari, Mama."

"Haya. Jumamosi mimi mwenyewe naja nayo."

Jumamosi asubuhi akaja na wenzake wawili, wamevaa leso zao za sare, boksi la barafu wamelifunga kamba wakalivusha kwenye feri wakipokezana wasilitikise. Vipande kumi na viwili. Kimoja kilikuwa cha zambarau, alichonambia kimemchukua miaka miwili. Nikavipanga kwenye mawe yangu meupe. Mama Riziki akayatazama mawe, akanitazama mimi, akafungua kinywa, akakifunga. Wakati huo Bi Zuhura alishamkumbatia na kumvuta kwenye mkeka wa mbele kwa wageni wa heshima, kwa hiyo la kusema lilibaki naye.

Kwetu duka halifunguliwi hivi hivi. Lazima dua, lazima udi, lazima kahawa na kaimati, na wageni wavue viatu mlangoni waketi kwenye mikeka. Baada ya laasiri duka lilijaa wanawake mpaka wengine wakakaa chini ya mabuibui yaliyotundikwa. Ustadha Maimuna, aliyekuja kusoma dua, alikuwa na spika kubwa ambayo ingetosha kuwasikilizisha watu wa Kongowea, na pembeni yake aliketi Bi Khadija, mamake Bi Zuhura, bibi mkongwe, ameshika mrashi wa fedha wa kunyunyizia watu marashi. Mrashi huo aliachiwa na mamake naye.

Na pale mlangoni, kwenye tangi, palikuwa pameanza kunuka.

Harufu yenyewe si ya samaki. Ni ile ya kitu kilichokufa ndani ya tundu usilolifikia, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: vidudu vyote nilivyoviua kwa maji ya mfereji vilibaki ndani ya vishimo vya mawe vikaoza humo, na duka lilifungwa usiku kucha. Wageni wakaanza kukunja pua na kutazamana kwa adabu. Mama mmoja akamsogeza mtoto wake akamnusa. Bi Zuhura akaniminya mkono akaninong'oneza, "Yanuka nini hapo?" nikamwambia ni hewa ya bahari, na yeye (kwa sababu ni mama wa Pwani na ana dawa ya kila harufu) akachukua chetezo cha udi kinachofuka, akakisukuma chini ya meza ya tangi.

Chini ya meza ya tangi ndipo ulipokuwa mtambo wa povu. Mafundi tunauita skima. Unavuta hewa, unaichanganya na maji, povu linapanda na uchafu mpaka kwenye kikombe cha juu. Kwa kawaida ni povu la kijiko. Sasa ukawa unavuta moshi wa udi badala ya hewa, na mimi nikauona, lakini nimebanwa katikati ya wanawake, mbele yangu mama mja mzito, nyuma yangu ukuta, na Ustadha ameshaanza. Nikajiambia moshi kidogo si kitu, acha dua iishe.

Kisha Bi Khadija akainuka. Ndiyo kawaida: dua inasomwa, mwenye mrashi anazunguka. Akawanyunyizia wageni, akanyunyizia mlango, cherehani, sanduku la pesa, akafika kwenye tangi. Tangi lilikuwa wazi juu kwa ajili ya taa. Bibi wa watu akayatazama matumbawe kwa huruma, akasema, "Na nyinyi viumbe wa Mungu," akayatikisia mrashi mara tatu, tena kwa ukarimu.

Kama kuna kitu skima haikitaki duniani ni marashi. Lile povu la kijiko likawa la kikombe, likawa la ndoo, likainua kifuniko na kutoka nje, jeupe, zito, linanukia waridi na kuoza kwa pamoja, na nyuma yake maji, maana mtambo ukishaanza hivyo hausukumi povu tena, unasukuma tangi lenyewe. Wanawake wote wamefumba macho na kuinua mikono. Ninayeona ni mimi peke yangu. Povu likapita chini ya mabuibui, likalowesha mapindo yake, likageuka mlangoni, na pale likakuta viatu vya watu vimepangwa vizuri. Kandambili ya kwanza ikainuka, ikageuka, ikaenda zake.

Nikaanza kutambaa. Sikuwa na njia nyingine. Nikapita juu ya mapaja ya watu nikiomba radhi, spika inanguruma, Ustadha anaomba, watu wanaitikia, na jirani mmoja akanishika nguo akaniuliza kwa nguvu ashinde spika, "Kuna nini we Mwanaisha?" Nilikuwa nimeshafika tangini. Nikaangalia ndani: matumbawe yote yamejikunja, yanatoka utelezi, maji yamefanya ukungu, na ile harufu ikanipanda puani moja kwa moja. Nikapeleka mkono kwenye nyaya nichomoe skima, huku nageuza kichwa kumjibu jirani, nami kwa sauti ya kushinda spika. Nyaya zilikuwa mbili. Nilichomoa ya spika.

Ustadha alikuwa anasema, "Ya Rabbi, na duka hili..."

Spika ikakatika. Kimya. Na katika kimya hicho ikabaki sauti yangu peke yake:

"Limeoza! Lote limeoza!"

Duka zima likaitikia, "Aaamiin!"

Hapo ndipo wanapomalizia wale wanaosimulia. Na kweli palikuwa na mambo baada ya hapo: watu wakafumbua macho, wakapiga ukelele, wakakimbilia viatu, wakateleza, mama mja mzito akanyanyuliwa na watu wanne akawekwa juu ya kabati la mabuibui kwa usalama wake, na Bi Zuhura akawa anasema lahaula, lahaula, bila kufika mwisho. Nikachomoa waya wa pili. Povu likasimama. Na mimi nikachukua tambara nikaanza kupangusa sakafu, kwa sababu mtu akishika tambara kwetu haulizwi kitu.

Mama Riziki hakukimbilia viatu. Alikuja kwenye tangi, akakunja mkono wa buibui lake mpaka begani, akauzamisha, akapapasa jiwe, akautoa akanusa vidole. Kisha akachuchumaa karibu nami, akaniuliza polepole, kwa namna ambayo ni mimi tu niliyesikia:

"Uliyaosha mawe?"

Nikapangusa.

Na wakati huo huo Bi Khadija akaanza kulia. Amesimama katikati ya maji na mrashi mkononi, anasema, "Ni mimi. Ni marashi yangu. Nimewaua viumbe wa Mungu kwa mkono wangu." Wanawake wakamzunguka, la Bi Khadija, hukujua, si kosa lako, Mungu hamwandikii mtu asilolijua. Na mimi pale chini na tambara langu, mimi niliyejua, nikaona mlango wa kuponea umefunguka. Nilichohitaji ni kunyamaza tu. Lakini kunyamaza hakukunitosha. Niliinua kichwa nikasema, kwa sauti ya kitaalamu kabisa:

"Marashi yana mafuta, kwa kweli. Matumbawe hayapatani nayo."

Hiyo ndiyo aibu yangu. Si uongo, ukiitazama. Marashi na matumbawe kweli hayapatani. Nilichukua neno la kweli nikamfunika nalo bibi aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Mama Riziki alinitazama, na sijawahi kutazamwa vile tena, na sitaki.

Nilipangusa dakika tatu, nne. Nikamsikia Bi Khadija anamwambia bintiye, "Zuhura, chukua huu. Mimi siushiki tena," na nikaona mrashi ule unatoka mkononi mwake unaingia mkononi mwa Bi Zuhura, na Bi Zuhura hajui aupokee au aurudishe. Nikainuka. Miguu yangu ilikuwa imelowa.

"Bi Khadija, si wewe. Yalikuwa yanakufa kabla hujayagusa. Mawe niliyasugua kwa maji ya mfereji. Kipimo kilinambia bado, nami nikasema tayari."

Wote wakanigeukia. Spika haikuwepo ya kunifunika.

"Si ulinambia ni dalili nzuri?" akasema Bi Zuhura.

"Ule ukoko ndio uliokuwa dalili nzuri. Niliuosha."

Bi Zuhura akayatazama mabuibui yake yaliyolowa chumvi, akafungua kinywa anitukane, kisha akainama kuyakamua. (Nadhani alikumbuka nani aliyesema habari ya sufuria ya wali. Lakini mimi ndiye fundi. Yeye angejuaje?)

Mama Riziki akafungua boksi lake, akawa anatoa tangini kipande kimoja kimoja anakinusa, kilichokufa anakiweka kando, chenye uhai anakirudisha kwenye maji aliyokuja nayo. Vitano vilikuwa na uhai. Cha zambarau hakikuwamo. Alipomaliza akafunga kamba, akasema, "Povu si neno, hupanguswa. Mimi nilikuuliza mara moja." Halafu akasema, "Usinipigie simu tena kunambia liko tayari." Wakaondoka na leso zao zimelowa mpaka magotini. Nililia mbele ya watu, nikiwa nimeshika kandambili ya mtu nisiyemjua.

Wiki iliyofuata niliosha mabuibui ishirini na saba kwa mkono na kuanika viatu juu ya bati la jirani. Bi Zuhura alitaka tangi litolewe. Aliyekataa ni Bi Khadija. "Liacheni," akasema, "na huyu aje kila siku alitazame." Bi Zuhura akalifunika kwa leso mbele, duka likaendelea, nami nikawa naja kila asubuhi. Niliyarudisha mawe kwenye uhai kwa maji safi ya bahari na subira, sikusugua kitu. Ukoko ukarudi. Halafu mwani ukaota, mrefu, wa kijani, tangi likawa na ndevu. Bi Khadija alivuta kiti chake akaketi nyuma ya ile leso, siku nzima, tasbihi mkononi, akitazama. Konokono niliowatia walipoanza kula mwani yeye ndiye aliyewaona kwanza. Vidudu vidogo vilipoanza kukimbia kwenye kioo akaniita kwa kelele nikadhani kuna moto.

Kipimo nilikuwa nampa yeye akisome. Sikumwambia rangi ipi ni nzuri mpaka awe ameshataja aliyoiona. Alikipeleka nje juani, mbali na leso zote, akakiinua. "Kijani," anasema. Kesho yake, "kijani." Wiki nzima kijani. Sikufumba jicho.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, Alhamisi moja, naingia dukani nakuta Mama Riziki amesimama mbele ya tangi, leso imefunuliwa, boksi liko miguuni. Mimi sikuwa nimempigia simu, ningethubutu vipi?

"Nilimwita mimi," akasema Bi Khadija kwenye kiti chake. "Nilimwambia, tangi lishachafuka barabara, njoo ulione."

Nikamwamkia Mama Riziki, "Shikamoo," akaitikia marahaba bila kunigeukia. Akazamisha mkono, akapapasa mawe, akanusa vidole. Safari hii akavinusa mara ya pili.

"Liko tayari?" akauliza, na hakuniuliza mimi.

Bi Khadija akachukua kichupa, akaenda mlangoni kwenye jua, akakiinua. "Mato yangu ni ya kizee," akasema, "lakini hini ni manjano."

"Jana?"

"Manjano."

"Na juzi?"

"Manjano. Anionesha kila siku huyu, maana simuamini."

Mama Riziki akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona meno. Akafungua boksi, akatoa vipande viwili, si kumi na viwili, akanipa nivipange mwenyewe huku anatazama mikono yangu. Kimoja nilikijua. Ni katika vile vitano. Baada ya saa moja hivi kikafunguka, kikaanza kupunga, na Bi Khadija akapeleka mkono kwenye mkoba wake, akautoa mrashi wa fedha, akaushika, akanitazama mimi, akalitazama tangi.

Akaurudisha mkobani mwenyewe, akalifunga bizimu.

Mpaka leo kila tangi ninaloweka, kipimo hasomi mwingine ila yeye. Namwendea na kichupa mpaka kwake, hata akiwa anakula, naye hukitoa nje juani kwanza ndipo aseme. Na neno "tayari" nimeliacha. Hata nyumbani nikiulizwa kama chai iko tayari, husema nendeni mkaitazame.